Mafuta ya karafuu kwenye kababu za pakiti: matone mangapi kwa kilo?

Mkaanga_Wete aliuliza:

Assalaam alaykum wana jukwaa.

Mimi n'nakaa Wete. Miaka kumi na moja nimeendesha gari ya 606, Wete kwenda Chake na kurudi, mpaka mgongo ukasema basi. Sasa mimi na mke wangu tunakaanga kababu za nyama ya ng'ombe. Mwanzo zilikuwa za mtaani, jioni zishamalizika, hakuna cha kulala. Tangu baada ya Ramadhani tunazitia kwenye vikontena vya plastiki, kumi kumi, na nina maduka matatu: moja Chake, moja karibu na bandari ya Mkoani, na moja Unguja ambalo mzigo wake unapanda boti. Mteja anafungua anakula hapo hapo, hapashi moto.

Balaa ndio hili. Siku ya pili ziko sawa. Siku ya tatu bahati nasibu. Wiki iliyopita duka moja limenirejeshea pakiti 38, na sikuhitaji kuzisogeza puani, zilinifuata wenyewe. Nyengine zina utelezi kwa juu. Nyengine hazijaoza lakini zina ile ladha ya mafuta yaliyokaangiwa vitumbua juzi.

Mwenye duka la Unguja kanambia nitie "dawa ya soseji", ile chumvi ya rangi ya waridi. Mke wangu kakataa, na kibandiko chetu kinasema HAINA DAWA kwa herufi kubwa, nimelipia vibandiko elfu moja. Nikajishauri: mimi mtu wa Pemba, nimelala juu ya majamvi ya karafuu tangu mdogo. Karafuu inakaa kwenye gunia mwaka mzima na mdudu haigusi. Si dawa ya Mungu hiyo? Nikanunua sokoni chupa ya mafuta ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu, nikatia kijiko kimoja cha chai kwenye kilo mbili za nyama ya kusaga.

Muonjaji wetu ni mkwe wangu. Akatafuna moja, akanyamaza kidogo, akasema: "Mwanangu, ulimi wangu umekwenda wapi?"

Sasa naomba mnisaidie. Matone mangapi kwa kilo ili kababu zikae wiki mbili bila kumtia mtu ganzi? Au nihamie kwenye mdalasini, au mchaichai? Mwenye kujua anitolee hesabu, porojo ninazo za kutosha hapa kijiweni.

---

Kijana_wa_Konde alijibu:

Kaka, kijiko kizima? Hizo ungempelekea daktari wa meno, si duka 😂

Tia matone kumi kwa kilo, uongeze thomu nyingi na ndimu, mambo kwisha. Halafu kuna ujanja mwengine nimeusoma. Marekani wanaandika kwenye soseji "haikutiwa nitriti", yaani hiyo dawa iliyomo kwenye chumvi ya waridi, kumbe wametia unga wa seleri, kwa sababu seleri ina nitrati yake ya asili. Sisi mchicha tunao, nao una nitrati hiyo hiyo tele. Kamua juisi ya mchicha, changanya, nyama itabaki nyekundu na kibandiko chako hakitasema uongo.

---

Bi_Vikokotoni alijibu:

Mwanangu wa Wete, waalaykum salaam.

Mimi mzee, sijui nitrati. Ninachojua ni kuwa bibi zetu hawakuhifadhi nyama wala samaki kwa viungo. Papa na ng'onda vinakaa kwa chumvi na jua, hujamuona mtu kampaka papa karafuu. Wasomali wanaikata nyama vidogo vidogo, wanaikausha, kisha wanaikaanga na kuizamisha kwenye samli, nyirinyiri hiyo. Achari inakaa kwa ndimu, chumvi na siki. Kiungo ni cha kumfanya mtu arudi sahani ya pili. Kababu ni kitu laini, cha majimaji, kina mayai na mkate ndani. Kitu kama hicho toka zamani kinaliwa siku yake.

Nina suali moja tu. Mnakaanga saa ngapi, na mnatia kwenye vikontena saa ngapi?

---

Maabara_Zamani alijibu:

Kaka Mkaanga, nimefanya kazi ya kupima vyakula miaka mingi hapa Unguja kabla ya kustaafu, kwa hiyo nivumilie nikirefusha. Suali la Bi Vikokotoni ndilo zito kuliko yote, lijibu. Mimi nitaanza na karafuu kwa kuwa ndiyo uliyoiuliza.

Kwanza hesabu, kama ulivyotaka. Kijiko cha chai ni mililita 5, na mafuta ya karafuu ni mazito kidogo kuliko maji, kwa hiyo ulitia gramu 5 na ushei kwenye kilo mbili. Kababu moja ya gramu 50 inabeba kama miligramu 130 za mafuta. Mafuta ya makonyo kwa sehemu kubwa sana ni yujenoli, ndiyo iliyouchukua ulimi wa mkwe wako, na ndiyo hiyo hiyo madaktari wa meno wanayoitumia. Kamati ya kimataifa ya wataalamu wa vitu vinavyoongezwa kwenye vyakula, ile ya FAO na WHO, imeweka kiwango cha yujenoli kisichozidi miligramu 2.5 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku. Mtoto wa kilo 20 kwa hiyo asipite miligramu 50. Kababu yako moja ina zaidi ya 100. Hata tuseme nusu imepotea na mvuke kwenye karai, bado mtoto amepita kiwango kwa kababu moja, na hakuna mtoto wa kisiwa hiki anayekula kababu moja.

Na hiyo ni kama chupa ni mafuta kweli. Ya sokoni bila ya kibandiko inaweza kuwa ya kuchulia, imechanganywa na mafuta mengine usiyoyajua. Ukitaka mafuta ya kula, nunua yanayojulikana yametoka wapi. Kiwanda cha makonyo kiko Wawi, ulikuwa ukikikaribia kila siku na gari yako, lakini hata kule uliza kama yale unayopewa ni ya kutia kwenye chakula.

Sasa, je, yujenoli inaua vijidudu? Inaua, si uongo. Kwenye kisahani cha maabara, tone dogo linatosha kuzuia bakteria wengi. Mdalasini nao una sinamaldehaidi, mchaichai una sitrali, zote zina nguvu kwenye kisahani. Lakini kisahani hakina mafuta na protini nyingi kama nyama. Ukizitia kwenye nyama, zinakimbilia kwenye mafuta na kushikana na protini, na bakteria wako kwenye maji maji ya nyama. Ndiyo maana kwenye nyama unahitaji mara nyingi zaidi ya kile kilichofanya kazi maabara, na kabla hujafika kwenye kiwango hicho ulimi wa mteja umeshakufa. Matone kumi ya kijana wa Konde yatakupa harufu nzuri. Wiki mbili hayakupi.

Lakini usiitupe karafuu, maana hapa kuna jambo watu wanalichanganya. Kababu zako zina magonjwa mawili, na umeyaeleza vizuri mwenyewe bila ya kujua. Utelezi ni bakteria. Ladha ya vitumbua vya juzi si bakteria, ni hewa. Nyama ikipikwa, chuma kilichomo kwenye rangi yake nyekundu kinaachiliwa, kinakutana na mafuta na oksijeni, na mafuta yanachacha hata ndani ya friji. Chumvi inaharakisha. Kwenye ugonjwa huu wa pili mimea ni mabingwa. Wenzetu Ulaya wanatumia dondoo la rozmari, limeruhusiwa rasmi tangu 2010 na lina namba yake, E392. Kazi yake ni kuzuia kuchacha, na kabla ya kuuzwa kiwandani linaondolewa harufu, kwa hiyo soseji hainuki rozmari. Wewe huna mtambo wa kuondoa harufu, na kwenye mafuta ya karafuu harufu ndiyo dawa yenyewe, huwezi kuvitenganisha. Lakini karafuu ya unga, robo ya kijiko cha chai kwa kilo, pamoja na pilipili manga, mdalasini na thomu unavyotia siku zote, itapunguza ile ladha ya uzee, na hakuna mkwe atakayelalamika.

Kijana wa Konde, wewe nitakugombeza kidogo. Ulivyosoma ni kweli, unga wa seleri unatumika hivyo. Lakini nitrati ya seleri inageuzwa na bakteria maalumu kuwa nitriti, na nitriti ikishakuwa nitriti ni ile ile, itoke kwenye mboga au kwenye ndoo ya kiwanda. Kibandiko kitasema kweli kwa ulimi na uongo kwa moyo. Tena kiwandani wanapima: kanuni za Marekani kwa nyama ya soseji ni miligramu 156 kwa kilo, basi. Mchicha wa leo na wa kesho hauna nitrati sawa, inategemea mbolea na mvua. Nani atapima Konde? Ikizidi, damu inashindwa kubeba hewa, na wa kwanza kuathirika ni watoto. Na hiyo chumvi ya waridi pia, kaka Mkaanga, usiiguse bila ya mizani inayosoma gramu ndogo. Nitriti ina kazi kubwa kwenye soseji, inazuia kijidudu kinacholeta sumu ya botulini, lakini kababu ya kukaanga inayokaa siku chache kwenye baridi haiihitaji. Kwa hilo mke wako yuko sawa.

Neno jengine juu ya hili la kula bila ya kupasha. Kuna bakteria anaitwa listeria, tofauti na wengi wa wenzake yeye anakua hata ndani ya friji, taratibu. Afrika Kusini 2017 mpaka 2018 aliingia kwenye polony ya kiwandani, nyama ya kufungua na kula kama yako. Waliougua walipita 1,000, waliokufa walipita 200, wakiwemo watoto wachanga wengi. Kile kilikuwa kiwanda chenye mitambo. Hunijii na matone.

---

Mkaanga_Wete alijibu:

Dada Maabara, nimesoma mara mbili, mara ya pili nikamsomea mke wangu kwa sauti. Nilipofika ile ya "mke wako yuko sawa" akaniomba nirudie.

Bi Vikokotoni, jibu lako hili. Tunakaanga baada ya sala ya isha, kwa sababu mchana jiko halikaliki. Saa nne na nusu tumemaliza. Tunazipanga kwenye sinia mbili kubwa, moja juu ya nyengine zimelundikana, tunafunika na kawa zisiingie vumbi na paka. Alfajiri baada ya sala tunazitia kwenye vikontena, saa mbili zinaondoka. Kwenye friji zinaingia zikishafika dukani.

Nimeandika haya na moyo umeanza kunienda mbio. Niambieni.

---

Bi_Vikokotoni alijibu:

Mmh.

Kawa ni ya chakula kinachosubiri mgeni, mwanangu, si cha kulala.

---

Maabara_Zamani alijibu:

Shukran kwa kusema kweli, wengi huku wangejibu "usiku huo huo tunaweka friji".

Kwa hiyo ni saa saba na zaidi. Kababu moto, zimelundikana, zimefunikwa, usiku wa digrii 27. Katikati ya lundo zinakaa vuguvugu mpaka alfajiri. Kuna bakteria wanaishi kwenye nyama ya ng'ombe kama mbegu, na mbegu hizo karai haliziui. Mmoja anaitwa klostridiamu perfrinjensi. Nyama ikipoa na kufika baina ya digrii 40 na 50, mbegu zinaamka, na hapo anaweza kuzaliana kila dakika kumi hivi. Fanya hesabu mwenyewe, dereva. Asubuhi mteja hatoona kitu, harufu hamna. Jioni yake anaendesha tumbo na anamlaumu muuza juisi.

Kisha kababu ambazo bado zina joto kidogo ndani mnazifungia kwenye plastiki. Mvuke unageuka matone chini ya kifuniko, matone yanadondoka, juu panakuwa maji, na bakteria wanastawi hapo. Huo ndio utelezi wako wa siku ya tatu.

Fanya hivi. Kaanga mpaka ndani kabisa ifike digrii 71, nunua kipimajoto cha kuchoma, ni kitu kidogo lakini bila yake unabahatisha kwa rangi. Zitandaze safu moja kwenye waya, si sinia, pangaboi lizipige. Kanuni inayofuatwa na wapishi wa mahoteli ni hii: kutoka digrii 57 mpaka 21 ndani ya saa mbili, na kutoka 21 mpaka 5 ndani ya saa nne nyengine. Zikishakuwa baridi ndio zitiwe kwenye kontena kavu. Mikono iliyoshika nyama mbichi isishike zilizoiva, wala kibao, wala koleo. Ndimu au siki kwenye mchanganyiko inasaidia, bakteria hawapendi uchachu, lakini usiitegemee peke yake kwa kuwa ukifika uchachu wa kuzuia kweli umeshatengeneza achari ya kababu.

Ukitaka wiki mbili, jibu ni friza. Gandisha usiku ule ule baada ya kupoa, uza zimeganda, mwenye duka ayeyushe za siku yake tu ndani ya friji, na kibandiko kiseme "pasha moto kabla ya kula". Bila ya friza jipe siku tatu, tarehe iandikwe, halafu zirudi. Na kabla ya kupandisha mzigo boti tena, kaonane na watu wa Wakala wa Chakula na Dawa, ZFDA, uwaeleze unachofanya, na upeleke sampuli zipimwe. Ndio kujua, vyengine vyote ni dhana yangu na yako.

---

Fundi_Friji_Mwanakwerekwe alijibu:

Mimi si mtu wa vyakula ila friji nazijua. Mzee Mkaanga, unaweza kufanya yote aliyosema dada, halafu muuza duka akakuvurugia. Wako wanaozima friza usiku ili Tukuza, umeme wa kulipia kabla, isiishe, wanawasha asubuhi, barafu inarudi, wewe huoni kitu.

Mtego wake ni huu. Jaza kikombe maji, gandisha mpaka kiwe jiwe, weka sarafu juu ya barafu. Kiweke kwenye friza ya duka, nyuma, mwambie muuza ni cha kupimia baridi, si uongo. Ukirudi, sarafu iko juu, friza haikuzimwa muda mrefu. Sarafu imezama, barafu iliyeyuka ikaganda tena. Hata umeme ukikatika mtaa mzima utajua.

---

Kijana_wa_Konde alijibu:

Nimefuta juisi ya mchicha kwenye mipango yangu. Nilikuwa nimeshakamua.

---

Mkaanga_Wete alijibu (wiki tatu baadaye):

Nimerudi na khabari.

Tunakaanga saa kumi alasiri sasa, jiko tumelitoa uwani chini ya mwembe. Waya za kupozea nimetengenezewa na fundi anayechomelea madirisha, mapangaboi mawili, saa moja na nusu zinafika digrii 30 na kitu, bado nahangaika na ile 21, nimeanza kuzikata ndogo zaidi, gramu 35, ndio zinawahi. Kipimajoto kilinionyesha aibu siku ya kwanza: kababu niliyoapa imeiva ilikuwa 62 katikati.

Karafuu ya unga robo ya kijiko kwa kilo imebaki. Dada Maabara, ni kweli, siku ya nne ndani ya friji ile ladha ya vitumbua haipo, nimelinganisha na zisizotiwa, mkwe wangu akiwa amefumba macho. Kazitambua mara tatu kati ya tatu. Chupa ya mafuta nimemuachia yeye kwa ajili ya gego lake.

Vibandiko elfu moja bado ninavyo. Mke wangu anaandika tarehe kwa mkono chini ya HAINA DAWA, na "pasha moto".

Sampuli zimekwenda, nasubiri. Boti nimeisimamisha mpaka majibu.

Na fundi, nilitega vikombe viwili, Chake na Mkoani, sarafu za mia mbili, zile za Mzee Karume. Jana nimepita kukagua. Cha Chake, Mzee amekaa juu ya barafu yake kama nilivyomuacha. Cha Mkoani, muuza akanambia friza haijazimwa hata dakika, wallahi, nikakitoa kikombe, nikakiinua kwenye mwanga wa mlango tukatizama pamoja mimi na yeye. Mzee yuko chini kabisa, kalala kifudifudi.